Kitunguu Shingoni hadi São Paulo

9 Oktoba, Jumatano

Kosa la wasafiri wengi wa ndege ni kudhani kwamba safari huanza uwanja wa ndege. La! Huanza siku sita kabla, kooni. Mtu anafunga sanduku, anakagua pasipoti, anamwagilia maua, anasahau koo. Halafu anakaa zaidi ya siku nzima ndani ya bomba lenye hewa kavu kama unga, anashuka hana sauti, anashangaa. Mimi sishangai. Nilifundisha elimu ya viumbe miaka thelathini na minane katika sekondari ya hapa Komoro, mji wetu wa Japani. Koo nalijua kama chumba changu.

Niandike sababu ya shajara hii. Jumamosi ya tarehe 19 dada yangu Tokuko anatimiza miaka themanini na minane. Anaishi São Paulo tangu alipopanda meli mwaka 1958. Kutakuwa na karamu kubwa, na mimi, mwanamume mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo wa Kunimitsu, ndiye wa kusimama, kutoa hotuba na kuinua glasi ya kwanza.

Nilipokuwa na miaka miwili mama yetu alikuwa mgonjwa kitandani. Tokuko, msichana wa miaka kumi na minne, alinifunga mgongoni akaenda nami shuleni. Alisoma mwaka mzima akiwa amesimama nyuma ya darasa, ananitikisa nisilie. Sijawahi kumshukuru. Barua zangu zote zimemweleza hali ya hewa. Hakutakuwa na nafasi nyingine. Hotuba iko tayari: kurasa kumi na mbili.

Adui: Yasuzo. Ni mume wa marehemu mdogo wangu Sumie, mtengeneza tofu mstaafu, ile jibini laini ya soya, naye pia anakuja. Miaka saba iliyopita tulikwenda pamoja harusini Hawaii. Niliposhuka kwenye ndege sauti ilikuwa imekwisha kabisa, na Yasuzo akashika kipaza sauti badala yangu. Hakusema neno moja la maana. Alisimulia jinsi nilivyotumbukia kwenye tangi lake la kulowekea soya. Watu walicheka hadi wakashikilia meza. Mpaka leo ndugu wa Hawaii wakiniandikia huuliza habari za soya.

Safari hii hapana!

11 Oktoba, Ijumaa

Mpango wa kwanza umeanza. Nimehamia Brazili bila kutoka nyumbani.

Nieleze. Kati ya hapa na São Paulo pana tofauti ya saa kumi na mbili kamili. Kwa hiyo saa ya ukutani haiguswi! Mishale inabaki palepale, anayegeuka ni mtu. Kwetu kukicha, kwao kunakuchwa. Mwili ukishazoea usiku wa kule, hauchoki safarini. Mwili usiochoka haupatwi na mafua. Mtu asiye na mafua ana sauti. Ni hesabu ya darasa la tatu.

Leo alfajiri nilikwenda kwenye mazoezi ya redio, yale ya viungo ambayo mtaa mzima hufanya kwa kufuata piano na hesabu za redioni, saa kumi na mbili na nusu kama kila siku, ila nilivaa nguo za kulalia, kwa kuwa kwangu ilikuwa jioni. Niliwatakia majirani usiku mwema. Bibi Hanyuda akaniuliza taratibu kama nyumbani wote wazima. Yasuzo alicheka mpaka akapoteza hesabu. Huyu huja mazoezini kwa ajili ya kugongewa muhuri kwenye kadi ya mahudhurio tu, na hurusha mikono kama anafukuza nzi. Akawaambia watu wasinishangae, eti mwalimu alishastaafu kazi, sasa anastaafu akili.

Nikarudi nyumbani kula chakula cha jioni: wali, samaki wa kuchoma, supu ya miso, kikombe kidogo cha sake. Mke wangu Fumiyo alikunywa chai akinitazama tu. Kisha akasema chakula cha jioni cha saa moja asubuhi nitajipikia mwenyewe, na vyombo vya Brazili nitaviosha mwenyewe.

Mchana nilikwenda kuchanjwa mafua. Kwa mwili wangu ilikuwa usiku wa manane. Nikasinzia kwenye foleni, nikaangukia bega la mama mmoja, nikazinduka nimelazwa, manesi watatu wananipima presha. Nikawaeleza habari ya Brazili.

Wakanipima tena.

13 Oktoba, Jumapili

Majaribio ya silaha. Ziko tatu.

Kwanza, soksi za kubana. Mtu akikaa muda mrefu damu huzembea miguuni na inaweza kuganda. Hili si la mzaha. Daktari alisema jozi moja inatosha. Nilinunua mbili, kwa kuwa nimelifikiria zaidi yake. Kuvaa jozi ya kwanza: dakika kumi. Kuvaa ya pili juu ya ya kwanza: dakika arobaini, na magoti yakakataa kukunjika.

Pili, tunda la plamu. Kila mtoto aliyekulia huku anajua: plamu iliyokaushwa kwa chumvi, ikibandikwa kitovuni kwa plasta, huzuia kichefuchefu cha safari. Bibi alitubandika kila tulipopanda basi. Kwamba sayansi haijaeleza jambo hili ni uzembe wa sayansi.

Tatu, na ndiyo silaha kubwa: kitunguu. Kile kirefu cheupe cha majani, unene wa kidole gumba. Unakibabua motoni hadi kilainike, unakizungushia kitambaa, unakifunga shingoni kingali cha moto. Mvuke wake hulinda koo. Hiki nacho ni cha bibi. Aliishi miaka tisini na nne, na mpaka mwaka wa mwisho alikuwa akitugombeza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

Nilikuwa chali sakafuni, magoti yamegoma, kitunguu shingoni, plamu kitovuni, wakati Yasuzo alipoingia na ndoo ya tofu. Alinizunguka mara moja kama anayekagua samaki sokoni. Akauliza, "Shemeji, unapanda ndege au unaingia sufuriani?" Maana kitunguu tayari, plamu tayari, na yeye ameleta tofu. Fumiyo alicheka ikabidi akae chini. Wakanivua soksi wote wawili, kila mmoja na mguu wake, wakihesabu moja, mbili, tatu, kama wavuta kamba siku ya michezo ya shule.

Wakati wa kuondoka Yasuzo akanituliza. Nisiwe na hofu, akasema, hata sauti ikikatika yeye yupo, na anacho kisa kimoja kizuri cha kuwasimulia wageni. Sikuuliza kisa gani.

Nimeongeza ukurasa wa kumi na tatu kwenye hotuba.

14 Oktoba, Jumatatu

Mpango wa siri. Nauandika kwa herufi ndogo.

Ulinzi wa sauti yangu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sauti ya Yasuzo. Akifika São Paulo amepwelewa sauti, hawezi kunipokonya kipaza sauti. Leo sikukuu, basi nikamwalika karaoke mchana. Kwa saa za Brazili ilikuwa usiku, lakini vita ni vita. Nikakodi chumba kwa saa nne. Nikamwambia aimbe, mimi nitasikiliza tu huku nasukutua koo kwa chai ya kijani.

Aliimba nyimbo ishirini na sita. Aliimba za wanawake, za wanaume, na moja ya watoto kuhusu chura. Nilimchagulia zile za kupiga kelele. Kadiri alivyoimba sauti ikazidi kufunguka! Wimbo wa ishirini ulitikisa glasi. Mhudumu alichungulia mlangoni akapiga makofi.

Tulipotoka Yasuzo alisimama njiani, akanishika mkono. Akasema tangu Sumie afariki hakuna mtu aliyemwalika mahali. Macho yalikuwa yamelowa. Akasema, "Shemeji, watu wanakuona mgumu kama jiwe la kinu, lakini una moyo."

Niliona aibu toka pale hadi kwenye taa za barabarani. Baadaye nikakumbuka soya.

15 Oktoba, Jumanne

Uwanja wa ndege wa Narita, kabla ya kupaa. Uso bado una moto.

Mashine ya ukaguzi ilionyesha kitu kitovuni mwangu. Afisa mmoja mwenye adabu nyingi akaniomba radhi, akauliza kama ni kifaa cha hospitali. Nikasema ni plamu. Akauliza plamu ya nini. Nikaeleza. Nilianzia kwa bibi. Foleni nyuma yangu ikarefuka, watu wakaanza kuvaa viatu vyao tena. Nikapelekwa pembeni, plasta ikabanduliwa pamoja na vinyweleo vyake. Maafisa watatu waliitazama plamu kwa muda mrefu. Mmoja akasema hata yeye bibi yake alimfanyia hivyo, ila alikuwa na miaka mitano. Wakanirudishia! Ushindi. Kitunguu hakikupata shida yoyote. Kwenye mashine kinaonekana kama mboga, kwa sababu ni mboga.

Yasuzo nilimkuta mgahawani. Mbele yake nyama ya nguruwe ya kukaanga, kubwa kama kandambili, na bia ya pili. Nikamweleza kwamba angani gesi ya tumboni hupanuka. Akasema ya kwake imezoea kutoka bila kufukuzwa.

Jambo moja zaidi. Fumiyo hakai nasi. Kiti chake kiko safu kumi na tisa mbele. Nikamwambia kompyuta imekosea, twende tukalalamike. Akasema haikukosea. Alikichagua mwenyewe, wiki tatu zilizopita.

16 Oktoba, Jumatano

Bado hewani, ndege ya pili. Naandika kwa sababu siwezi kusema. Nieleze kwa utaratibu.

Ndege ya kwanza. Mimi dirishani, Yasuzo upande wa njia. Maji kila nusu saa, kwa hiyo choo kila saa. Yasuzo alilala kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Miaka arobaini ya kuamka alfajiri kusaga soya imemfundisha kulala popote. Nilimvuka kama kilima mara nane. Mara ya tisa soksi ziligoma katikati, nikabaki nimempanda kama farasi, siendi mbele wala sirudi. Hakuamka. Mhudumu alinishusha kwa kunishika kwapa.

Kitunguu kilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Safu tatu mbele na tatu nyuma watu walianza kuulizana chakula kinaletwa lini. Nikasinzia kwa raha. Nilipozinduka, shingo nyepesi! Yasuzo alikuwa ameamka kwa dakika kumi tu, ameletewa bakuli la tambi za moto, na juu ya tambi naona vipande vyeupe. Nikamwuliza. Akasema hakutaka kuniamsha. "Kilikuwa kimeiva, shemeji. Jasho kidogo, lakini kimeiva." Akanywa mchuzi wote, akarudi kulala.

Hata hivyo niandike wazi: koo lilikuwa bado zima. Tulipobadilisha ndege nilimsalimia Fumiyo kwa sauti kama kengele ya shule. Akajifanya hanijui.

Ndege ya pili. Binti aliyeketi mbele yangu akapiga chafya. Moja tu. Nikaona ni wajibu wangu kumweleza habari ya hewa kavu. Akasikiliza, kisha akauliza swali. Swali! Tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza swali. Nikasimama ili nionekane. Wengine wakageuka. Nikaeleza kunawa mikono, barakoa, maji, mishipa ya miguu. Mhudumu akasema kunyoosha viungo ni jambo jema, mradi tusizibe njia. Nikalichukua hilo kama barua ya uteuzi.

Watu tisa walinifuata nyuma, karibu na jiko la ndege, tukafanya mazoezi ya redio. Redio haikuwapo, kwa hiyo redio nikawa mimi. Niliimba sehemu ya piano, nikahesabu, nikatoa maelekezo, yote juu ya mngurumo wa injini. Raundi tatu. Likaja kundi la pili. Raundi tatu tena. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusimama, nikawahutubia kwa saa mbili bila kupumzika juu ya umuhimu wa kupumzisha sauti angani. Bibi mmoja wa Okinawa aliandika kila neno. Nadhani sijawahi kufundisha vizuri kama leo.

Nikarudi kitini, nikafungua kinywa kuomba maji. Ikatoka hewa tu, kama baiskeli iliyotoboka.

Yasuzo akajinyoosha, mashavu mekundu kama mtoto aliyetoka kuoga. Akauliza kama tumefika. Kisha akaniangalia vizuri. "Mbona kimya, shemeji? Umenuna, au unasali?"

17 Oktoba, Alhamisi

São Paulo. Tokuko alikuwa mlangoni anatusubiri. Mdogo wa umbo kuliko anavyoonekana kwenye simu. Akanishika mashavu yote mawili. "Shige, umekonda! Wamekulisha nini huko juu?" Nilikuwa na jibu refu. Nikafungua mdomo. Baiskeli. Akamgeukia Fumiyo akauliza kama nimefiwa.

Binti yake, Neusa, ni mfamasia. Alinimulika kooni kwa tochi. Nyuzi za sauti zimevimba, akasema, mjomba alikuwa anafanya nini? Yasuzo akanijibia: mjomba wako alikuwa anafundisha watu kunyamaza. Neusa hakucheka. Akatoa amri. Maji ya vuguvugu, mvuke, na siku mbili nzima bila neno. Hata kunong'ona marufuku, maana kunong'ona huchosha koo vilevile. Nikitii, Jumamosi huenda nikapata sauti ya hotuba fupi.

Nikaandika kwenye karatasi: FUPI KIASI GANI?

Akasema dakika moja.

Hotuba yangu, nikiisoma mbio, ni dakika hamsini na moja.

Jioni Tokuko aliketi karibu nami. Akaniuliza kama nakumbuka wimbo aliokuwa akinibembelezea kule nyuma ya darasa, polepole ili mwalimu asisikie. Nikaitikia kwa kichwa. Akangoja nieleze. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kungoja nieleze, na leo sina sauti!

18 Oktoba, Ijumaa

Nilinyamaza kabisa tangu asubuhi hadi saa nne.

Saa nne na dakika tano Dirceu, mume wa Neusa, aliketi sebuleni akapishanisha miguu. Akabaki hivyo dakika ishirini! Nilijikaza. Nikamwonyesha kwa vidole. Akadhani nimependa viatu vyake, akavivua akanipa. Ikabidi ninong'one. Mishipa ya miguu haielezeki kwa nusu, kwa hiyo nilinong'ona yote, tangu moyoni hadi unyayoni. Alisikiliza kwa heshima kubwa, akiitikia kwa kichwa. Kisha Neusa akaingia, akatukuta. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, Dirceu hajui Kijapani. La pili alilisema kwa sauti ile niliyokuwa nikiwasemea watoro wa shule.

Siku ya kwanza ya kimya inaanza upya, na siku za kutosha hazipo.

Mpango mpya! Simu ya Fumiyo ina sauti ya kusoma maandishi. Nilinakili hotuba nzima kwa kidole kimoja, kwa muda wa saa tano. Jioni nikawakusanya wasikilize, Tokuko akiwa amekwenda kupumzika. Sauti ya mwanamke, tulivu, haipumui. Ukurasa wa pili Fumiyo akalala. Ukurasa wa nne Yasuzo, aliyekuwa amelala tangu wa kwanza, akaanza kukoroma. Ukurasa wa saba simu yenyewe ikazimika.

Yasuzo akaamka kwa ule ukimya. Akasema, "Shemeji, niachie mimi. Maneno mawili, watu wacheke, tule." Nikaandika HAPANA, nikapiga mstari chini yake mara tatu, karatasi ikachanika. Sitaki watu wacheke. Nataka dada asikie.

19 Oktoba, Jumamosi

Nimevimba macho. Niandike kabla sijaanza kulisimulia vingine.

Ukumbini walikuwa watu sitini na wanane. Tokuko aliketi mbele na kizibao cha rangi ya dhahabu na kofia yake, kama desturi yetu inavyomtaka mtu anayetimiza miaka themanini na minane. Alisema anajiona kama yai la kukaanga. Nikaitwa. Nikasimama na kurasa zangu kumi na tatu, nikavuta pumzi, nikatoa mlio wa mlango wa kabati. Watoto walifurahi mno. Nikajaribu tena. Hata mlango haukulia.

Tokuko alikuwa ameinama mbele, kiganja sikioni, anangoja.

Yasuzo akaja polepole, akachukua kipaza sauti. Nikajua yamekwisha, ni Hawaii tena. Lakini akaleta sikio lake mdomoni pangu. "Sema, shemeji," akasema. "Mimi ni spika tu."

Nikanong'ona ukurasa wa kwanza: majira ya mwaka, heshima kwa waheshimiwa, safari na madhumuni yake. Yasuzo akageukia watu: "Anasema hamjambo."

Nikanong'ona ukurasa wa pili na wa tatu, historia ya ukoo tangu babu wa babu. Yasuzo akasikiliza sana, akakuna kichwa. "Anasema tumetoka mbali." Watu wakaanza kucheka. Tokuko akacheka, akashika kofia isianguke.

Ukurasa wa nne hadi wa tisa, ulaji bora wakati wa uzee. "Anasema chakula kinapoa."

Hapo nikakasirika. Nikazitupa karatasi mezani. Nikamkamata Yasuzo sikio, nikalivuta, nikamnong'oneza bila kusoma chochote. Kwamba dada alisimama mwaka mzima nyuma ya darasa na mimi mgongoni, wenzake wameketi. Kwamba nimefundisha miaka thelathini na minane, na masomo yangu ya kwanza niliyasikia juu ya bega lake. Kwamba nilitaka kumwambia bandarini mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi, nikaona haya mbele ya watu, nikamwambia ajihadhari na upepo.

Nikadhani Yasuzo hakusikia. Kumbe analia! Mtu mzima, mabega mapana vile! Akajifuta kwa tai yangu. Kisha akarudia neno kwa neno, hakupunguza hata moja, hata ule upepo. Mwishoni tu akaongeza la kwake: "Na anasema asante, dada. Glasi juu!"

Zikapanda glasi zote. Tokuko alitoka kitini taratibu, akanigeuza, akanipigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Akaninong'oneza kwamba bandarini siku ile upepo ulikuwa mkali kweli. Halafu akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba katika miaka sabini na sita hii ni mara ya kwanza Shige ameanza jambo akalimaliza kabla supu haijapoa.

Nililia kidogo. Machozi hulainisha koo. Ni jambo la kitabibu.

21 Oktoba, Jumatatu

Sauti imerudi nusu. Nimeketi tangu asubuhi kuchambua makosa, maana keshokutwa tunarudi, na jambo hili lazima lielezwe kisayansi.

Fumiyo anasema somo ni kwamba maneno machache yanatosha. Neusa anasema somo ni kufunga mdomo ndani ya ndege. Yasuzo anasema hakuna somo, mtu alale. Wote watatu wamekosea, na nimewaeleza kwa nini, kuanzia saa mbili hadi saa tano kasoro, mpaka Neusa akakumbuka ana kazi, Fumiyo akakumbuka kumsaidia, na Yasuzo akasinzia.

Ukweli ni huu. Nyuzi za sauti zimeumbwa kwa ajili ya maelezo. Kosa langu lilikuwa kuzitumia kwa kuhesabu! Moja, mbili, tatu, nne, mara nane, raundi sita, juu ya injini: hiyo ni kazi ya chombo, si ya koo. Nikiondoa hesabu, nabaki na sauti yote kwa ajili ya mafunzo. Na safari hii sitangoja mtu apige chafya. Nitaanza milango ikifungwa tu, safu ya kwanza, nirudi nyuma safu kwa safu. Ndege inabeba zaidi ya watu mia tatu. Nimeandaa kurasa ishirini.

Dirceu amenichorea ramani ya duka la vifaa vya michezo. Liko kona ya pili, linafungwa saa kumi na mbili jioni.

Kazi ya leo: kwenda kununua filimbi ya kuhesabia.